Mgongo wa Baba Mkwe

Khauhelo aliujua mgongo wa baba mkwe wake kabla hajajua kwamba ni wa baba mkwe wake. Hilo ndilo kosa lake lote. Kama lina jina jingine, wenye kazi ya kutafutia wenzao makosa walitafute.

Jumanne nane mfululizo, saa mbili asubuhi, barafu ya milima ya Mokhotlong, Lesotho, bado imeng'ang'ania vioo vya hospitali, mzee mmoja mrefu alikuwa akiingia chumba cha fiziotherapia huku mwili umeelemea kulia, kama mtu anayepita chini ya mwamba ambao wengine hawauoni. Anavua blanketi. Anavua koti. Anavua shati. Analala kifudifudi, na kabla hata hajaguswa anaanza kulalamika.

"Binti, mikono yako umeitoa kaburini?"

"Ni baridi tu, Ntate Lerata. Ngoja niiote kwenye hita."

"Iote vizuri. Mimi chini ya ardhi nimeshatoka, sitaki kurudishwa na mikono."

Ntate, yaani Baba, alimwita kwa heshima; kadi yake ilisema Lerata Molefi, na Khauhelo hakuwa na sababu ya kubishana na kadi. Aliujua mgongo ule pingili kwa pingili: diski ya kiunoni iliyotokeza nje ya mahali pake na kuibana neva ya mguu wa kushoto, kovu jeupe la jiwe chini ya mbavu, misuli iliyokaza pande zote mbili kama kamba za hema. Miaka ishirini na mitatu mzee huyu alishika mashine ya kutoboa mwamba, kifua kikitetemeka, kiuno kikitetemeka, na siku kiuno kilipogoma, daktari wa mgodi alimpa vidonge kwenye bahasha na tiketi ya basi la kurudi kwao. Huko walipima mawe kwa tani. Migongo hawakuipima kwa chochote. Khauhelo alipoyasikia hayo mara ya kwanza alishikwa na hasira, akabonyeza mpaka mzee akapiga yowe.

"Sasa mbona unanilipizia kisasi mimi mwenyewe!"

Walicheka wote wawili. Akamfundisha kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono huku kiuno kimelegea, mara kumi, kila baada ya saa mbili. Akamwambia kitanda si dawa, dawa ni kutembea. Mzee alifuata kila neno. Mguu ulianza kupoa. Jumanne ya nane, akifunga vifungo vya shati, alimtazama kwa jicho la utani.

"Mumeo atapata taabu. Hii mikono ni ya fundi chuma."

"Bado hajawa mume, Ntate. Wazee wake wanakuja kwetu mwisho wa mwezi."

"Basi ana bahati huyo. Mwambie Lerata kasema ana bahati."

Mwenye bahati aliitwa Tlali. Alikuwa fundi umeme kwenye ujenzi wa bwawa, na aliletwa hospitalini kurekebisha nyaya za wodi ya wazazi, kazi ya siku moja, akaimaliza kwa siku nne. Siku ya nne alikiri kwamba nyaya zilikuwa zimepona tangu siku ya kwanza. Alikuwa na sauti ya chini, sauti ya mtu asiyependa kuamsha mtoto, na Khauhelo alianza kuisikia hata mahali ambapo hayupo: kwenye maji ya bomba, kwenye upepo wa korido. Mwaka mzima walipendana kwa simu na kwa Jumamosi za kuiba. Kwao hakupelekwa, maana msichana hapelekwi kwa watu kabla wazee hawajasemezana.

Wazee wakasemezana. Ng'ombe wakakubaliwa. Ikafika siku ya Khauhelo kuingizwa katika ua wa kina Tlali, kukabidhiwa blanketi la bibi harusi na kuchinjiwa kondoo wa kumkaribisha. Alipiga magoti mkekani, kilemba mpaka kwenye nyusi, macho chini kama alivyofunzwa. Akaona viatu vya mzee vikija. Kiatu cha kushoto kilikuwa kikiburuta kidogo, na mwendo ule aliujua. Macho yakainuka yenyewe.

"Ntate Lerata!" likamtoka.

Wanawake waliangua kicheko. "Lerata? Bibi harusi amekosea nyumba!"

Mzee hakucheka. Alisimama pale akiwa ameelemea kulia, uso umeishiwa damu.

"Ni yule daktari," alisema.

"Daktari wa nini?" aliuliza dada wa mzee, 'M'e 'Mathuso, yaani Mama 'Mathuso, mwanamke aliyeushika mji ule tangu mama yake Tlali afariki.

"Wa mgongo."

"Mgongo wa nani?"

"Wangu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake hata kwa ncha ya kidole, hamwoni kifua wazi, hatamki jina lake. Kondoo aliyekuwa amefungwa mlangoni alifunguliwa kamba na kurudishwa zizini akiwa hai. Khauhelo alirudishwa kwao kabla jua halijageuka.

Habari ya jina alikuja kuelezwa na Tlali kwa simu. Lerata alikuwa binamu wa mzee. Alipata mkataba wa mgodini akiwa na miaka ishirini, akafa kwa homa ya mapafu siku sita kabla ya basi kuondoka. Karatasi zikabaki juu ya meza na njaa ikabaki ndani ya nyumba, ndipo binamu yake akazichukua akaenda nazo. Karani wa mgodi hakuangalia uso. Aliangalia misuli ya mikono, akagonga mhuri. Miaka ishirini na mitatu mzee aliitwa Lerata chini ya ardhi. Mgongo ulipoharibika, uliharibika kwa jina la Lerata, na hospitali nayo ikaandika kadi kwa kufuata karatasi za mgodi. Jina lake la kweli Khauhelo hajalitamka mpaka leo, na mimi ninayesimulia sitamtamkia.

*

Wiki tatu zilipita. Jumanne tatu kitanda cha saa mbili kilibaki kitupu, na Khauhelo aliendelea kuota mikono kwenye hita kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba hakuna mtu. Tlali alipiga simu kila jioni siku za mwanzo. Baadaye walibaki wakisikilizana pumzi tu, maana kila sentensi waliyoianza iliishia kwenye kondoo yule.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, mlango wa chumba cha fiziotherapia ulifunguliwa bila hodi. Tlali alisimama pale na koti la kazi, midomo imepasuka kwa baridi. Khauhelo alikuwa akikunja mashuka. Shuka likamdondoka.

Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia siku atakapomwona. Yote yaliyeyuka. Alimtazama tu, kama mtu aliyetoka gizani anavyotazama dirisha. Alikonda. Hakuwa amenyoa. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa bandeji, na yeye hakujua kimeumia lini wala kimeumizwa na nini, na kutojua huko kukamuuma kuliko wiki zote tatu.

"Baba hawezi kusimama," alisema Tlali. "Tangu juzi."

Mikono ya Khauhelo ilianza kazi kabla ya moyo. Ilishusha begi kutoka kwenye ndoano.

"Maumivu yako wapi?"

"Kiunoni mpaka kwenye kigimbi. Anasema kama shoti ya umeme. Na kidole gumba cha mguu hakinyanyuki vizuri."

"Anakojoa?"

"Nini?"

"Baba yako, Tlali. Anakojoa kama kawaida? Na huku chini, mahali anapokalia tandiko la farasi, pana ganzi?"

Tlali aliona haya mpaka masikioni. "Unataka nimuulize baba swali hilo?"

"Mpigie Shangazi 'Mathuso amuulize. Kama mkojo umefunga, hapo hatuna la kujadili, ni gari la wagonjwa mpaka Maseru, sasa hivi, hata kama barabara ina theluji."

Alipiga simu akiwa amegeukia ukuta. Alinong'ona, akarudia, akanong'ona tena. Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mzee, kwa mbali lakini kwa nguvu zote: "Mwambieni nakojoa kama farasi! Na ganzi sina! Ameridhika?"

Khauhelo alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alikuwa ameikosa sauti ile.

"Kwa nini aliacha kuja Jumanne?"

Tlali alirudisha simu mfukoni. "Alisema mikono ikikaa mbali naye muda mrefu, labda watu watasahau. Mazoezi nayo akayaacha. Alisema kila akijisukuma anasikia unavyomhesabia."

Kumbe. Wiki tatu nzima alidhani mzee amemchukia.

*

Pikapu ya kuazima ilipanda kwa kunguruma. Begi lilikuwa mapajani mwa Khauhelo, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili vilivyokunjwa kimoja juu ya kingine: nguo nyeupe ya kazi, na blanketi lile la bibi harusi, alilopitia nyumbani kulichukua, ambalo hakuna aliyethubutu kumwomba alirudishe. Mkono wa Tlali ulikuwa kwenye gia, sentimita chache kutoka kwenye goti lake. Kila gari liliporuka shimoni, mkono ulisogea, kisha ukarudi mahali pake.

"Ukiingia mle ndani ukamshika," alisema Tlali, macho barabarani, "basi. Shangazi hatakubali tena, wala wazee. Utakuwa daktari wa baba maisha yote. Nami nitakuwa..." Hakumaliza.

"Na nisipoingia?"

"Maseru mpaka Jumatatu hakuna daktari wa mgongo. Na kuketi hawezi, atasafirije?"

"Kwa hiyo umekuja kunichukua ili unipoteze."

"Nimekuja kwa sababu ni baba yangu," alisema, na sauti ile ya chini ikapasuka. "Na kwa sababu nilitaka kukuona. Yote mawili, Khauhelo. Usinilazimishe kuyatenganisha."

Hakumlazimisha. Aligeukia dirisha, akaitazama milima iliyopakwa weupe, akawaza kwamba duniani kuna mtu mmoja anayemtaka na mtu mmoja anayemhitaji, na wote wawili wanakaa nyumba moja yenye mlango mmoja.

Shangazi 'Mathuso alikuwa amesimama kwenye mlango huo, mikono imefungwa juu ya tumbo.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, 'M'e."

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Wewe ni mtoto mzuri na ningependa wajukuu wa ndugu yangu wawe na akili yako. Lakini sikiliza. Mlango huu unaingiwa na mtu mmoja. Ukivaa hiyo nyeupe, ingia, mshike, umtibu, tutakushukuru na kuku. Ukivaa blanketi, kaa nje kama mkwe. Ila kuvaa vyote viwili, hapana. Mimi sitakuwa wa kwanza katika ukoo huu kuona mkwe anamkanda baba mkwe kama unga wa mkate."

"Shangazi!" Tlali alisema.

"Shangazi nini? Nimesema uongo?"

Kutoka ndani ukasikika mguno, mfupi, wa mtu aliyejaribu kugeuka akashindwa. Khauhelo aliujua mguno ule. Ulikuwa wa neva iliyobanwa, na hauna heshima wala mila. Unamtoka mfalme kama unavyomtoka mchunga kondoo. Akafungua begi. Blanketi lilikuwa juu. Alilitoa, akalishika kidogo, akalinusa bila kutaka, likanuka kabati na dawa ya nondo na siku ile moja. Akamkabidhi Tlali.

"Nishikie."

"Khauhelo."

"Nishikie, tafadhali. Mguu ukifa haurudi."

Tlali alilipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalimfuata Khauhelo jinsi macho yanavyofuata basi linaloondoka. Khauhelo alitia mkono mmoja kwenye nguo nyeupe. Alikuwa akitafuta tundu la mkono wa pili sauti ilipotoka ndani.

"Huyo asiingie!"

Wote watatu waliganda.

"Dada! Umenisikia? Asiingie! Madaktari nimewapata wengi maisha yangu, wengine hata jina langu hawakuuliza. Mkwe sijapata hata mmoja. Afadhali nichechemee!"

"Atachechemea kweli huyu," alisema Shangazi, lakini bila ukali.

Khauhelo alibaki na nguo nusu mwilini. Kuna mtu mle ndani aliyekuwa tayari kutoa mguu wake ili yeye awe mtoto wa nyumba ile. Alitazama mlango. Alitazama mikono yake. Halafu akaitazama mikono ya Tlali iliyoshika blanketi, mipana, makini, iliyozoea kutafuta nyaya zilizofichwa ukutani bila kuziona.

"'M'e," alisema polepole, "sauti yangu inaruhusiwa kuingia?"

Shangazi alifikiri. Alitafuta katazo, akalitafuta kweli kweli, hakulipata. "Sauti," alisema mwishowe, "haina vidole."

Khauhelo alivua nguo nyeupe. Akajifunga blanketi, akashusha kilemba, akageuza mgongo na kuuegemeza kwenye ukuta wa mawe kando ya mlango. Mawe yalikuwa baridi kama hita isiyowashwa.

"Tlali. Ingia wewe. Ota mikono kwanza. Hapendi mikono baridi."

*

"Niko hapa," alisema Tlali kutoka ndani.

"Amelala vipi?"

"Kwa ubavu."

"Msaidie asimame. Apinde magoti, aviringike kama gogo, miguu ishuke kwanza, ajisukume kwa kiwiko. Usimvute."

Mguno. Kitanda kililia. Pumzi nzito.

"Amesimama. Ameshika ukuta."

"Ameelemea wapi?"

"Kulia."

"Simama kando yake, upande huohuo wa kulia. Bega lako kwenye mbavu zake. Mikono yako imzunguke kiuno, vidole vikutane upande wa pili."

Kimya.

"Tlali?"

"Unasema nimkumbatie."

"Ndiyo."

"Nimkumbatie baba?"

"Mkumbatie."

Khauhelo alifumba macho. Alijua, kwa kuwa Tlali alimwambia Jumamosi moja ya zamani, kwamba baba yake alikuwa mgeni wa Krismasi: mtu mrefu anayeshuka kwenye basi na pipi mfukoni, analala siku kumi, anaondoka. Alijua mvulana yule alikuwa akimpa baba yake mkono, kama watu wazima. Mgodi ulichukua mgongo, na ulichukua mengine ambayo hakuna karatasi iliyoyaandika.

"Haya, mtoto," mzee alisema kwa ukali wa uongo. "Nitasimama hivi mpaka Pasaka?"

Blanketi lilisuguana na koti.

"Nimemshika," alisema Tlali, na sauti yake haikuwa ileile.

"Sasa bega lisukume taratibu, mikono ivute kiuno kije kwako. Kidogo tu. Usitumie nguvu, tumia uzito wako. Unasikia anavyokaza?"

"Nasikia."

"Subiri mpaka aachie mwenyewe. Usimharakishe."

"Najua kusubiri," alisema Tlali. "Nimefunzwa na mtu."

Shangazi, aliyekaa kwenye kigoda katikati ya njia, alianza kutazama kuku kwa makini sana.

"Anaachia?"

"Anaachia. Anarudi. Khauhelo, anarudi katikati!"

"Usiachie ghafla. Ukiachia ghafla ataumia kuliko mwanzo."

"Siachii."

"Hata kama umechoka."

"Nimekwambia siachii. Sikuachia wiki tatu, nitaachia leo?"

"Mshike hivyohivyo. Pumua naye."

"Napumua. Nikifumba macho nakuona. Unasimama hivi unapofanya kazi? Shavu karibu hivi?"

"Tlali..."

"Samahani," alisema mzee kutoka katikati, "mgonjwa hapa ni mimi!"

Shangazi 'Mathuso alijifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakamtikisika. Khauhelo alihisi uso unamwaka, na baridi yote ya Mokhotlong isingeweza kuuzima.

Kisha akamlaza mzee kifudifudi kwa maneno. Akampandisha kwa viganja, kiuno kikiwa kimelegea, akamshusha. Aliiongoza mikono ya Tlali mahali yake ilipozoea kupita: chini ya kovu, vidole viwili kando ya pingili, hapo, chini kidogo, hapo. "Bonyeza kwa kitako cha kiganja. Mwache apande nacho. Moja." Ukutani, bila mtu kuona, kiganja chake mwenyewe kilikuwa kikibonyeza jiwe. "Mbili. Tatu." Wiki tatu alikuwa ameilaumu mikono yake. Sasa ilikuwa ikitembea katika mikono ya mwingine, upande wa pili wa ukuta, na alihisi kwamba yeye na Tlali hawajawahi kukaa karibu hivi, hata zile Jumamosi.

"Kumi. Muulize maumivu yako wapi."

"Anasema kigimbini hakuna tena. Yamepanda mpaka makalioni. Kiunoni ndiyo yamezidi."

Khauhelo aliegemeza kisogo kwenye jiwe na kutabasamu huku machozi yanashuka. "Vizuri. Yakipanda juu kuelekea kiunoni ni dalili njema. Yakishuka mguuni ndipo tuogope. Tena. Kumi nyingine."

Walifanya kumi mara nne. Kidole gumba kilinyanyuka, si sana, kama mtoto anayenyoosha mkono darasani bila uhakika. Khauhelo hakudanganya: alisema kidole hicho kitataka miezi, kwamba Jumatatu lazima apigiwe simu daktari wa Maseru, na mkojo ukikataa au mguu ukizidi kulegea, wasisubiri kupambazuke.

Ndani pakawa na minong'ono. Halafu hatua. Moja inaburuta, moja haiburuti. Zikaja mpaka mlangoni zikasimama nyuma ya kizingiti, hatua moja kutoka alipoegemea. Khauhelo aliinamisha kichwa na kugeukia uwanjani. Alisubiri sauti ile imwite binti, imtanie, imuulize kaburi gani.

Mzee hakumsemesha.

"Dada," alisema.

"Naam," alijibu Shangazi, akisimama.

"Mwambie mtu yule aliye hapo nje."

Khauhelo alielewa. Katika nyumba za kwao, baba mkwe hamsemeshi mkwe wake ana kwa ana. Maneno hupita kwa mtu wa tatu. Daktari hupewa maneno usoni.

"Nimwambie nini?" aliuliza Shangazi, na yeye pia alikuwa ameelewa.

"Mwambie Lerata Molefi alikufa kwenye nyumba hii akiwa na miaka ishirini. Nilimvaa kwa sababu ya njaa. Mwamba ulikuwa wake, vidonge vilikuwa vyake, na mgongo ulioguswa hospitalini ulikuwa wake. Wenye mgodi hawakuwahi kumjua mtu mwingine. Jina langu mimi halijatoka mdomoni mwa msichana huyu hata siku moja. Nani hapa amelisikia?"

"Mimi sijalisikia," alisema Tlali haraka mno.

Shangazi alikunja uso. Alitazama juu, akatazama kuku, akatazama kaka yake aliyesimama wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingapi, haelemei kulia wala kushoto.

"Hata mimi," alisema. "Siku ile ya mkekani alisema Lerata. Tulisikia wote. Tukacheka."

"Basi mwambie aifunge kadi ya mgonjwa yule. Hatarudi. Nitamzika kwa kondoo."

"Anasema—" alianza Shangazi.

"Nimesikia, 'M'e," alisema Khauhelo. Akakumbuka mila. "Mwambie nitaifunga. Na mwambie asisahau, mara kumi, kila baada ya saa mbili. Atashikwa na mwanawe."

"Anasema mara kumi."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi." Mzee alikohoa. Khauhelo alijua kwamba ndiyo basi. Kwamba mikono yake haitarudi kwenye kovu lile, kwamba kuanzia leo atampikia mtu huyu uji, atamlelea wajukuu, labda atamlilia, na hawatataniana tena maisha yao yote. Hakujua kwamba mtu anaweza kupata anachokitamani na papo hapo akaanza kukikosa kingine. "Dada," sauti iliendelea, chini zaidi. "Mwambie pia Lerata aliacha ujumbe. Alisema mikono ile haikuwa baridi. Alikuwa anasema tu."

Hatua zikarudi ndani. Shangazi aliondoka kuelekea zizini, kamba mkononi, akipaza sauti kumwita Tlali aje amsaidie, maana kondoo mwenyewe amenenepa wiki hizi tatu kama aliyejua.

Tlali alitoka. Alipita mbele ya Khauhelo bila kumgusa, kama inavyotakiwa, macho mbele. Lakini hatua zake zilipungua, na mkono wake wa kulia, wenye bandeji, ulibaki nyuma kidogo, kiganja kimegeukia kwake, bado kina joto la mgongo wa baba yake. Khauhelo hakuushika. Aliinyoosha mikono yake miwili karibu nao, akaiota.